Una Nini Nyumbani? Neno kwa Familia Iliyofiwa na Haina Pesa

 

Neno la leo ni refu kidogo, kwa hivyo tafuta mahali uketi. Nimelianza na kuliweka kando mara kadhaa kwa sababu linanihukumu mimi kabla ya kukufikia wewe.

Fungua 2 Wafalme sura ya 4. Pale kuna mjane. Mumewe alikuwa katika wana wa manabii, mtu aliyemcha Mungu, lakini alikufa akaacha deni. Mwenye kudai yuko mlangoni, anataka kuwachukua watoto wawili wawe watumwa. Mama anamlilia Elisha. Sasa angalia Elisha anafanya nini. Haundi kamati. Haandiki bajeti. Anamuuliza mama ana kitu gani ndani ya nyumba. Muujiza wote wa yale mafuta unaanzia kwa kile kidogo kilichokuwa ndani.

Mpendwa, mjane wa Kaptembwa, wa Rhonda, wa Njoro au Subukia anapofiwa leo, ni nani anayemuuliza swali hilo? Sisi tunamuuliza, "Bajeti yenu ni ya ngapi?" Tena tunamuuliza kabla machozi hayajakauka.

Acha nikusimulie jambo. Mwenyewe ameniruhusu, mradi nisitaje jina.

Miaka minne iliyopita tulimzika fundi mmoja wa ujenzi, mshirika wetu. Aliugua miezi mitano. Katika miezi hiyo mkewe alikuja ofisini kwangu mara mbili kuomba nauli ya kumpeleka kliniki Nairobi. Safari moja, wakienda wawili na kurudi, pamoja na dawa, ilikuwa kama shilingi 4,000. Mara ya kwanza tulimpa 3,000. Mara ya pili nilimwambia mfuko wa kanisa umekauka, tuzidi kuomba.

Alifariki siku ya Jumanne. Jioni hiyo hiyo kikundi cha WhatsApp kikafunguliwa, kamati ikaundwa, mimi nikawa mlezi wake. Kwa siku 16 tulichanga shilingi 187,000. Wale wale tuliokosa 4,000 za kumpeleka mtu kliniki akiwa hai, tulipata laki moja na themanini na saba kumpeleka kaburini.

Na bado hazikutosha. Tulikuwa tumeandika bajeti ya 261,000. Mochari ya siku 16. Jeneza la vioo na vishikio vya dhahabu bandia. Gari la maiti hadi Magharibi, na basi la waombolezaji nyuma yake. Hema mbili, vyombo vya sauti, ng'ombe, mchele, mpiga video. Zikapungua shilingi 74,000. Baadhi zilikopwa kwa mwenye basi na mwenye hema, nyingine kwa wazee wetu wawili wa kanisa. Tulifunga kamati kwa maombi, tukapeana mikono, tukarudi Nakuru. Deni likabaki na mjane.

Baada ya miezi mitatu nikaona haji ibadani. Nikadhani amerudi nyuma kiroho. Nikaenda kumtembelea nikiwa na Biblia na maandiko ya kumkemea. Nilipoingia nikaona ile kona ambapo cherehani yake ilikuwa ikikaa iko tupu. Alikuwa ameiuza. Mtoto wake wa pili alikuwa nyumbani siku ya shule. Nikamuuliza kwa nini haji kanisani. Akanyamaza kwa muda, kisha akaniambia, "Pasta, wawili kati ya wanaonidai wanakaa mstari wa mbele."

Sikufungua ile Biblia. Mazishi tuliyoyaita ya heshima yalikuwa yamemtoa mama katika nyumba ya Mungu, na mimi ndiye niliyekuwa mlezi wa kamati.

Ndiyo maana ninaandika. Msimamo wangu ni huu, na kama hukubaliani nami tuzungumze kwa upendo: familia isiyo na uwezo izike mapema, izike karibu, izike kwa kile kilicho nyumbani. Na kanisa liache kuwa la kwanza kuiambia kwamba hiyo ni aibu.

Najua utaniambia, "Mchungaji, marehemu anastahili heshima." Ndiyo, anastahili. Lakini tuulize Biblia heshima ni nini.

Yakobo alimpenda Raheli kuliko mtu yeyote. Alimtumikia Labani miaka kwa ajili yake. Alikuwa tajiri wa mifugo na watumishi. Tena familia yao ilikuwa na kaburi lake, pango la Makpela, ambalo babu yake Ibrahimu alilinunua kwa shekeli 400 za fedha. Lakini Raheli alipofariki safarini, Yakobo alimzika pale pale njiani, karibu na Bethlehemu, akasimamisha nguzo, akaendelea na safari. Lea, ambaye hakupendwa sana, ndiye aliyelala Makpela. Je, utasema Yakobo hakumheshimu Raheli kwa sababu hakumsafirisha hadi kwa mababu?

Bwana wetu mwenyewe alizikwa siku ile ile aliyokufa, katika kaburi ambalo Yusufu wa Arimathaya alikuwa amejichongea. Sanda ilitoka kwa Yusufu. Manukato yakaletwa na Nikodemo. Mariamu mama yake hakuulizwa amechanga ngapi.

Na katika Luka 16, ukisoma polepole, utaona tajiri alikufa akazikwa. Kuhusu Lazaro maskini, kuzikwa kwake hakutajwi hata kidogo. Kinachotajwa ni malaika waliombeba.

Sitaki nikudanganye kwamba Biblia inakataa mazishi makubwa. Yakobo mwenyewe alisafirishwa kutoka Misri hadi Kanaani na msafara mkubwa. Lakini gharama ile ilibebwa na Yusufu, waziri wa Farao. Hakuna mjane aliyeuza cherehani. Mwenye uwezo azike kwa uwezo wake, Mungu ambariki. Ninachopinga ni kumlazimisha mtu wa kibarua azike kama Yusufu.

Na hata wenye uwezo wameanza kutufundisha. Jenerali Francis Ogolla, Mkuu wa Majeshi ya Kenya, alifariki katika ajali ya helikopta tarehe 18 Aprili 2024. Tarehe 21 Aprili alikuwa amezikwa kwao Siaya, bila jeneza, kwa sababu ndivyo alivyokuwa ameagiza. Serikali ingemnunulia jeneza lolote analotaka. Raila Odinga alifariki nchini India tarehe 15 Oktoba 2025, na tarehe 19 alikuwa amezikwa Bondo. Kama mwili wa kiongozi aliyeliliwa na nchi nzima umetoka ng'ambo ukazikwa ndani ya siku nne, wewe na mimi tunangoja nini siku 16?

Tazama pia majirani zetu Waislamu pale Bondeni. Mtu akifariki usiku, mara nyingi kesho yake amezikwa. Sanda, sala, na jeneza la msikiti ambalo linarudishwa likamsubiri mwingine. Tajiri na maskini wanabebwa na jeneza moja. Sijaona mtu akimcheka Mwislamu kwamba hakumpenda babake.

Sasa kuna swali ambalo kijana mmoja aliniuliza baada ya ibada, na najua wengi wanalo: "Mchungaji, kuchoma maiti ni dhambi?"

Mpendwa, soma 1 Samweli 31. Watu wa Yabesh-gileadi walitembea usiku kucha, wakaishusha miili ya Sauli na wanawe kutoka ukuta wa Beth-shani, wakaichoma, wakaizika mifupa, wakafunga siku saba. Daudi aliposikia hakuwalaani. Aliwabariki kwa wema ule.

Na hapa kwetu si jambo geni kama tunavyodhani. Manasses Kuria alikuwa Askofu wa Kianglikana wa Nakuru hii hii kabla ya kuwa Askofu Mkuu mwaka 1980. Mkewe alipofariki mwaka 2002 mwili wake ulichomwa, na yeye naye akachomwa mwaka 2005. Wakenya wengi walishangaa wakati huo. Profesa Wangari Maathai alifanyiwa mazishi ya kitaifa mwaka 2011, na mwili wake ukachomwa Kariokor, Nairobi. Hakutaka mti ukatwe kwa ajili ya jeneza lake, kwa hivyo likatengenezwa kwa mianzi, mafunjo na magugu maji.

Wengine wanaogopa kwamba mwili uliochomwa hautafufuka. Basi niambie, wale ndugu zetu wa Sachangwan? Tarehe 31 Januari 2009 lori la mafuta lilipinduka pale karibu na Molo, likashika moto, likaua zaidi ya watu 100. Wengi hawakutambulika, wakazikwa pamoja. Wewe unadhani siku ya parapanda Bwana atasimama pale kando ya barabara asijue nani ni nani? Aliyemuumba Adamu kwa mavumbi hashindwi na majivu.

Lakini nikuambie ukweli wa mfuko pia. Usichague kuchoma kwa sababu umesikia ni rahisi. Matanuri ya Kariokor na Lang'ata yako Nairobi, kwa hivyo piga hesabu ya gari na ada kabla hujaamua. Kwa familia nyingi za Nakuru, kaburi katika makaburi ya umma litakuwa nafuu. Na lisiwe jambo la kuamuliwa na mtu mmoja usiku wa msiba. Wazee, mama, watoto, wote wakubaliane, ama sivyo utaokoa pesa upoteze ukoo.

Sasa tushuke kwenye mambo ya kutenda. Ukifiwa na huna pesa, fanya hivi.

Kwanza, shughulikia karatasi. Kifo cha hospitalini huandikishwa na hospitali. Kifo cha nyumbani, nenda kwa chifu au naibu wa chifu wa eneo lako. Bila kibali cha mazishi huwezi kuzika kwa njia halali. Usimpe pesa mtu wa korido anayesema atakuharakishia.

Pili, weka siku ya mazishi kabla ya kuandika bajeti. Sisi huwa tunafanya kinyume, tunaandika bajeti kisha tunasubiri pesa zitupe siku. Mochari hutoza kwa siku. Hata ikiwa ni shilingi 1,000, siku 16 ni shilingi 16,000 kabla hujanunua msumari wa jeneza. Unachanga asubuhi, mochari inakula jioni. Weka siku ya tatu, ya nne au ya tano, kisha useme: kitakachopatikana hadi siku hiyo ndicho tutakachozikia.

Tatu, bili ya hospitali isikufanye ukimbie mwili. Kila mara tunaona matangazo ya miili ambayo haijachukuliwa, na mwishowe inazikwa pamoja kwa idhini ya mahakama. Si kwamba wote hawana watu. Wengine wana familia inayolia nyumbani kwa kuogopa bili. Kama ni hospitali ya umma, mtafute afisa wa ustawi wa jamii, mweleze hali yako, uombe msamaha wa bili au upunguziwe. Nenda na barua ya chifu, na umchukue mchungaji wako muende pamoja. Kama ni ya kibinafsi, omba kulipa kidogo kidogo kwa maandishi. Ujue pia kwamba mwaka 1998 Mahakama Kuu kule Mombasa, katika kesi iliyohusu hospitali ya Pandya, ilisema mwili wa marehemu si mali ya mtu, na hauwezi kushikwa uwe dhamana ya deni. Deni halifutiki, litadaiwa kwa njia nyingine, lakini mtu wako si rehani.

Nne, usiuze shamba. Ukiwa katika uchungu, mnunuzi hatakosa, na bei yake itakuwa ya kukunyonya. Tena kama shamba lilikuwa kwa jina la marehemu, Sheria ya Urithi, Sura ya 160, inakataza mtu kuingilia mali ya marehemu bila idhini ya mahakama. Na usikope kwa simu. Ile mikopo ya kubonyeza inaingia kwa dakika moja, na inakaa nawe kuliko waombolezaji.

Tano, punguza bila aibu. Jeneza la mbao za kawaida kutoka kwa fundi wa mtaani linabeba mwili vilevile. Chai na mandazi vinatosha watu waliokuja kuomboleza. Kama kwenu ni Kisii, Murang'a au Busia na gari hamliwezi, zika hapa Nakuru. Raheli alizikwa njiani. Siku Mungu akikufungulia, nenda nyumbani na wazee, fanyeni maombi ya ukumbusho, pandeni mti. Mtu hajapotea kwa sababu hakulala kando ya boma.

Mwaka jana tulizika bibi mmoja kwa njia hii. Alifariki Jumatatu, tukamzika Alhamisi katika makaburi ya umma. Jeneza lilitengenezwa na fundi wa kanisa, vijana wakabeba mabegani, ibada ikachukua saa moja na nusu. Akina mama walipika chai. Michango ilipobaki, ikalipa karo ya mjukuu aliyekuwa akimlea. Lakini sikufichi, haikuwa rahisi. Mjomba mmoja alisimama akasema tumemzika dada yake kama mtu asiye na watu. Hadi leo hajanisalimia. Ninamwelewa, kwa sababu alikuwa akilia kwa lugha tuliyomfundisha sisi wenyewe, kwamba upendo hupimwa kwa ukubwa wa hema. Bado namwombea, na nitaenda kwake tena.

Sasa niseme na watumishi wenzangu. Wachungaji, tujichunguze. Yesu aliwakemea vikali walimu wa sheria waliokula nyumba za wajane huku wakirefusha sala. Ni mara ngapi tumepokea bahasha na pesa za mafuta ya gari kutoka kwa familia iliyokopa unga? Ni mara ngapi tumesimama kwenye mimbari ya mazishi tukaisifu familia kwa kumpa mzee "mazishi ya nguvu," na jirani maskini aliyeketi nyuma akaenda nyumbani akijua zamu yake itamvunja?

Kanisani kwetu tumekubaliana mambo manne. Siku ya mazishi inapangwa ndani ya siku tano. Kamati haifungwi ikiwa imeacha deni kwa mjane, na kama deni lipo, linakuwa la kamati. Mchungaji hapokei chochote kutoka kwa familia isiyo na uwezo. Na kila mwezi tunatenga sadaka ya wagonjwa, tunatoa kabla mtu hajafa. Hili la nne ndilo ninalolipenda zaidi, na ndilo gumu zaidi. Mgonjwa hana tarehe ya mwisho ya mchango, hana picha ya kupakia kwenye kikundi, na anaweza kurudi tena mwezi ujao. Acha arudi.

Yule mama niliyekusimulia, wale wazee wawili tuliketi nao wakamsamehe. Waliobaki tuliwalipa kidogo kidogo. Cherehani ilichukua mwaka mzima kurudi katika ile kona. Siku hizi anaketi mstari wa tatu. Mimi bado nakumbuka ile mara ya pili alipokuja ofisini.

Kwa hivyo kabla ya kusema Amina, nakuomba ufanye mambo mawili. Moja, wiki hii keti na watu wa nyumbani kwako uwaambie wazi unataka uzikwe wapi, kwa siku ngapi, na kwa jeneza gani. Uandike, utie sahihi. Usiwaachie wapendwa wako fumbo na bili. Mbili, fikiria mtu mmoja unayemjua ambaye ni mgonjwa sasa hivi. Zile pesa ambazo ungemchangia akifa, mtumie leo.

Tuombe. Baba, tusamehe tuliowasahau walio hai tukawapamba wafu. Mfariji kila anayesoma hapa akiwa na mwili mochari na mfuko mtupu. Mwonyeshe kile kilicho nyumbani, na umpe watu wa kusimama naye bila kumhesabia. Ondoa aibu isiyotoka kwako. Katika jina la Yesu Kristo, Amina.

Kama uko Nakuru na umefiwa, na umekwama, usikae peke yako. Bisha hodi katika kanisa lililo karibu nawe, lolote lile, uwaambie ukweli wa hali yako.